Uzi maalumu: Maisha, ardhi na safari za kijiji cha kisiwa cha Run (Banda, Indonesia). Unayetaka "kununua kisiwa" pita hapa kwanza

#1 Mtoto_wa_Makunduchi

Wakuu salama? Kuna jamaa kwenye ule uzi wa viwanja vya Bagamoyo kasema bora hela yake akanunue kisiwa Indonesia, bei chee, watu wakamgongea like kama zote. Nikaona ngoja nifungue uzi wangu kabisa maana kule nimekaa, na sio Bali ya Instagram, mimi nazungumzia Run, visiwa vya Banda, mkoa wa Maluku, mashariki kabisa huko ambako saa zao zipo sita mbele ya zetu.

Nilikwenda Java kusoma, nikapata rafiki chuoni kwao ni Run, likizo akanichukua kwao, afu nikawa narudi narudi, kuna kipindi nikaganda kule miezi kwa sababu zangu. Wazazi wake nawaita Bapak na Mama mpaka leo. Kwaio haya sio ya kugoogle.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msiseme nimezunguka: kule mgeni hanunui ardhi, sheria haitaki, na hata ingetaka, kitu chenye thamani pale sio ardhi. Ni mti wa kungumanga na nafasi kwenye boti. Ukishaelewa hivo viwili mengine yanajipa yenyewe.

Sasa pahala penyewe. Banda ni visiwa vidogo vimekusanyika katikati ya bahari, kama kilomita 200 kutoka Ambon. Neira ndio mji, kuna soko, benki, hospitali, ngome mbili za Kiholanzi (Nassau na Belgica). Mbele yake ng'ambo ya mkondo mwembamba kuna Gunung Api, mlima wa volkeno uliosimama ndani ya maji, ulilipuka Mei 1988 watu wakahamishwa. Kuna Banda Besar ndio kikubwa, kuna Ai, kuna Hatta, na Run kipo magharibi peke yake huko, urefu kama kilomita 3 na upana hata kilomita moja hakifiki. Hakina mto. Maji ya kunywa ni ya mvua, kila nyumba ina tangi la saruji na paa la bati lina mfereji unaoshuka mle ndani. Umeme wakati wangu ulikuwa wa jenereta, unawaka jioni, ukizimwa unasikia kijiji kizima kinasema "aah" kwa pamoja.

Ntaendelea, naenda kuswali kwanza.

#2 KijanaWaTemeke

Siti ya mbele nimeshakaa. Mkuu hii Run si ndio ile walibadilishana na New York? Tiririka.

#3 BintiSayari

Tupia na gharama za usafiri, wengine tuna mpango kweli sio kusoma tu.

#4 Mtoto_wa_Makunduchi

Nimerudi. Temeke ndio hiyohiyo, ila hiyo stori ya kubadilishana watu wanaipamba. Hakuna aliyekaa mezani akasema nipe Run nikupe Manhattan. Waingereza na Waholanzi walikuwa vitani, mwaka 1667 wakasaini mkataba wa Breda wakakubaliana kila mtu abaki na alichokishika mkononi. Muingereza kashika New Amsterdam (ndio New York ya leo), Mholanzi kashika Run na Suriname, basi. Ila hesabu yao siku ile waliona Mholanzi ndio kapiga bao, maana kungumanga dunia nzima ilikuwa inatoka hapo Banda tu.

Na kabla ya hapo kuna unyama ambao kwenye picha za watalii hauonekani. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen wa kampuni ya Kiholanzi, VOC, alishuka Banda na meli na mamluki wa Kijapani kwa sababu Wabanda walikuwa wanauza kungumanga kwa yeyote mwenye bei nzuri. Wakubwa wao 44 wakakatwa vichwa nje ya ngome ya Nassau. Inakadiriwa watu walikuwa kama 15,000, waliobaki labda elfu moja. Wengine walikimbia kwa mashua mpaka visiwa vya Kei, na huko kuna vijiji viwili, Banda Eli na Banda Elat, ndio hadi leo wanaongea ile lugha ya asili ya Wabanda, Banda yenyewe haiongelewi tena. Afu Coen akakata shamba vipande 68, wanaita perken, 34 Banda Besar, 31 Ai, 3 Neira, akawagawia Waholanzi, na watumwa wakaletwa kutoka nje kufanya kazi.

Hesabu tena hizo namba. Run haimo. Run waliing'oa mikungumanga ili Muingereza asipate sababu ya kurudi. Ile mikungumanga ya leo ni ya watu waliokuja baadaye wakapanda wenyewe, wengi pale watakwambia asili yao ni Buton, Sulawesi. Ndio maana ukiwauliza hati ya shamba wanakuangalia tu. Shamba ni la fulani kwa sababu babu yake fulani ndio alipanda ile miti na kila mtu anajua.

#5 KijanaWaTemeke

Kudadeki. Shule tulisoma Vasco da Gama tu.

#6 Mtoto_wa_Makunduchi

BintiSayari, usafiri. Bei siziweki maana zinabadilika, njia ndio hii:

Unatua Jakarta, unaunganisha ndege ya ndani mpaka Ambon, moja kwa moja ni saa tatu na nusu hivi, nyingi zinapitia Makassar. Kutoka Ambon kwenda Neira una njia tatu. Kuna kindege cha abiria kama 12, kinaenda siku chache kwa wiki, mzigo kilo 10, na kikiona wingu baya hakiruki. Kuna boti ya mwendo kasi kutoka bandari ya Tulehu, upande wa pili wa kisiwa cha Ambon, saa sita hivi bahari ikiwa na adabu. Na kuna meli kubwa za Pelni, shirika la meli la serikali, zinapiga usiku kucha, hizo ndio za wananchi, unalala kwenye kigodoro daraja la uchumi na familia nzima za watu, kuku, mashine za kushonea, watoto wanakanyaga miguu yako, na chakula unapewa. Mimi nazipenda hizo. Ratiba inatoka kwa mwezi, na mji mzima wa Neira unaishi kwa ratiba hiyo, meli ikifunga gati saa nane usiku soko linafunguliwa saa nane usiku.

Uwanja wa ndege wa Neira siku zisizo na ndege watoto wanachezea mpira palepale kwenye njia ya kurukia, jioni watu wanatembea kupunga upepo.

Neira mpaka Run ndio penyewe. Boti za Run zinakuja asubuhi na watu wa sokoni, zinarudi mchana, ukikosa utalala Neira au ukodi boti nzima mwenyewe. Ni boti za mbao ndefu, mashine nyuma, kama saa mbili. Kupakia tu ni kazi: kwanza mchele na saruji chini, juu yake mabati, juu yake mitungi ya gesi na madumu ya petroli, afu abiria tunakaa juu ya hayo yote, kina mama wa mbele wanapitisha turubai la plastiki kichwa kwa kichwa hadi nyuma, mnalishika wote kwa mikono maana mkitoka nje ya kivuli cha Gunung Api mawimbi yanaanza kuwamwagia. Hakuna anayepiga kelele. Mama mmoja alikuwa ananyonyesha chini ya lile turubai huku anabishana bei ya vitunguu na mwenzake.

Msimu: Desemba mpaka Februari upepo wa magharibi, Juni mpaka Agosti upepo wa mashariki, vipindi hivyo vyote viwili bahari inachafuka na boti zinaweza kusimama siku kadhaa mfululizo. Nenda Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba. Mtu aliyekulia pwani anaelewa kaskazi na kusi sina haja ya kueleza sana.

#7 Mzee_wa_Majamvi

Assalaam alaykum. Mwanangu nimefurahi na uzi huu, mimi ni mtu wa Wete. Hawa watu wa Maluku ndio wenye asili ya karafuu yetu. Mfaransa Poivre ndiye aliyetuma watu wakapata miche ya karafuu na kungumanga wakaifikisha Mauritius mwaka 1770, na karafuu ikaja kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Na tena hao hao Waindonesia walikuwa ndio wateja wetu wakubwa, wananunua karafuu kutia kwenye sigara zao za kretek, mpaka walipopanda ya kwao ya kuwatosha miaka ya 80 ndipo sisi tukabaki na magunia. Hilo Pemba hatujalisahau. Sasa nataka kujua, kungumanga wanaivunaje, na mti ni wa nani ukiwa juu ya ardhi ya mwengine?

#8 Mtoto_wa_Makunduchi

Waalaykum salaam mzee wangu, shikamoo.

Uvunaji: wana mti mrefu wa mwanzi, nchani kuna kikapu kidogo cha mwanzi chenye meno mawili, wanaita gai-gai. Wewe unasimama chini ya mkungumanga, unainua, unalichagua tunda lililopasuka tu, unavuta linadondokea kikapuni. Lisilopasuka unaliacha, ukilivuna bichi basbasi yake (ule utando mwekundu unaofunika kokwa) haina uzito na mnunuzi anakukata bei. Mgongoni wamebeba kapu. Na juu ya mikungumanga kuna miti mirefu ya kenari, inazaa njugu kama lozi, inatoa kivuli, ukiangalia juu hujui wapi jani la nani.

Nyumbani ndio kazi ya bibi. Bibi wa rafiki yangu anakaa kwenye kibao kifupi sana, tunda analibana kwa viganja linafunguka, anaibandua ile basbasi nyekundu kwa kidole gumba bila kuichana, inatoka nzima kama ua, anaibandika kwenye ungo ikauke juani. Kokwa inakwenda kwenye chanja juu ya moto wa moshi. Baada ya siku kadhaa anachukua moja anaitikisa sikioni, ikigonga ndani imeiva kuvunjwa, isipogonga inarudi. Mimi nilikuwa natikisa zote naona zinagonga, yeye anachukua kwenye lundo langu anarudisha nusu kwenye moshi bila kusema neno. Nyama ya tunda wanatengenezea jemu na peremende, na samaki wanampika mchuzi wa kungumanga, mchachu kidogo, na biringanya kwa mchuzi wa kenari. Wali sio kila siku, kuna mihogo na sago (wanga wa shina la mti). Jodari wanavua kwa mshipi wa mkono.

Swali la pili ndio pazuri. Sheria mama ya ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, imesimama juu ya mila, na kwa mila zao ardhi na kilicho juu ya ardhi ni vitu viwili. Naweza kuwa na mti kwako, naweza kuwa na nyumba kwako. Kwaio kule unakuta mtu anarithi mikungumanga kumi na mbili iliyotawanyika kwenye vipande vya watu wanne na hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza siku akija mtu na tepu ya kupimia.

#9 Mzee_wa_Majamvi

Basi ni kama kwetu, mnazi wangu uko kwa jirani na nauangua. Kwetu yalivuruga mambo ya eka tatu tatu walizogawiwa watu baada ya Mapinduzi, mwenye mikarafuu ya zamani na mwenye eka wakawa hawaangaliani.

#10 Tajiri_Mtarajiwa

Mimi ndio yule wa uzi wa Bagamoyo, nimeona mmenisema. Sasa mkuu weka wazi, kwa nini nisinunue kwa jina la mwenyeji? Bali wazungu wamejaa wanafanya hivo.

#11 Mtoto_wa_Makunduchi

Karibu Tajiri, hujasemwa umetajwa.

Umiliki kamili wao wanaita Hak Milik, na kifungu cha 21 cha hiyo sheria ya 1960 kinasema ni wa raia wa Indonesia tu. Kifungu cha 26 kinakumaliza wewe unayetaka kupitia kwa jina la mtu: muamala wowote wa moja kwa moja au wa mlango wa nyuma wenye lengo la kumpa mgeni Hak Milik ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na hela ulizotoa hazirudi. Soma tena hapo kwa hela. Wazungu wa Bali wanaofanya hivo wamemkabidhi mtu baki roho zao, siku akifa watoto wake wanakuja na cheti chenye jina la baba yao, utabishana na nani?

Cha halali ni hiki. Kuna Hak Pakai, haki ya kutumia, kwa mgeni mwenye kibali cha kuishi, kwa kanuni ya 2021 ni miaka 30, inaongezwa 20, inahuishwa 30. Kuna kukodi tu kwa mkataba mbele ya mthibitishaji wa mikataba. Na kuna kufungua kampuni ya kigeni, PT PMA, inapata haki ya kujenga, ila mpango wa uwekezaji lazima uzidi rupia bilioni 10, bila kuhesabu ardhi na majengo. Kama unazo hizo Tajiri, sidhani ungekuwa hapa unabishana na sisi.

Na ufukwe ndio sahau, kanuni inataka angalau mita 100 kutoka maji yanapojaa ziachwe. Run upana wake nimeshakwambia, toa mita 100 kila upande uone umebaki na nini. Kununua "kisiwa kizima" ni maneno ya madalali wa mtandaoni.

Wala usiwaone wabaguzi, Tanzania bara sheria ya ardhi ya 1999 nayo asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Zanzibar ni hivohivo.

#12 Tajiri_Mtarajiwa

Sawa nimeelewa, na nikioa huko?

#13 BintiSayari

😂😂😂 huyu hakati tamaa

#14 Mtoto_wa_Makunduchi

Umeuliza la maana wala sicheki. Ukioa bila mkataba wa mali, zenu zinahesabiwa za pamoja, kwaio hata mkeo raia anakuwa kwenye matatizo ya kushika Hak Milik kwa sababu nusu ni yako mgeni, na sheria inampa mwaka mmoja aiachie. Zamani mkataba ulikuwa lazima muandike kabla ya ndoa, watu wakalia sana. Kuna mama mmoja alikwenda Mahakama ya Katiba, wakatoa hukumu Oktoba 2016 kwamba mnaweza kuandika hata mkiwa tayari kwenye ndoa. Mkiandika kila mtu na chake, mkeo ananunua, ardhi ni yake, wewe unakaa kwa mkeo. Kama hilo la kukaa kwa mke linakukera basi usiende.

#15 Nesi_wa_Zamu

Vipi afya? Malaria ipo? Mjamzito akizidiwa usiku Run inakuwaje?

#16 Mtoto_wa_Makunduchi

Malaria Maluku ipo, chandarua beba. Kijijini kuna kituo kidogo cha afya, kikubwa kipo Neira, kikubwa zaidi Ambon. Usiku mgonjwa akizidiwa msikiti unatangaza kwa spika, wanaume wanashuka ufukweni na tochi, boti inasukumwa. Petroli nani anatoa inajulikana baadaye. Bahari ikiwa imechafuka wanasubiri, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanawake wenye mimba kubwa wanahamia Neira kwa ndugu mapema kabla ya miezi ya upepo. Vijana pia wanaondoka, sekondari ya juu Neira, chuo Ambon, wanaorudi wachache. Hilo ndilo tishio la kile kijiji kuliko wawekezaji.

Kuhusu sisi weusi, watoto watakufuata kila kona, watu wazima watakuuliza dini kabla ya jina, ukisema Muislamu unapewa kanzu na sehemu msikitini, ukisema Mkristo unapewa chai vilevile, ingawa vurugu za Maluku za 1999 mpaka 2002 ziliwaondoa Wakristo wengi Banda na watu hawapendi kuziongelea mbele ya mgeni. Usiulize sana.

#17 BintiSayari

Kwaio mtu akitaka kukaa kama miezi miwili mitatu hivi afanyeje kihalali?

#18 Mtoto_wa_Makunduchi

Viza angalia tovuti ya uhamiaji yao yenyewe, usisikilize mawakala. Ukifika Run unaripoti kwa mkuu wa kijiji, pasipoti anaandika kwenye daftari. Malazi ni chumba kwa familia na chakula ndani yake, unalipa kwa siku. Pesa taslimu toa Neira, Run hakuna mashine. Beba dawa zako, na usipange ndege ya kimataifa siku moja baada ya boti, acha wiki nzima katikati.

#19 Mzee_wa_Majamvi

Mwanangu la mwisho. Ninayo mikungumanga hapa Wete, mingine inachanua haizai. Bibi huyo anasemaje?

#20 Mtoto_wa_Makunduchi

Mzee wangu hiyo ni midume. Mkungumanga una dume na jike mbalimbali, na mpaka uchanue, miaka saba huko mbele au zaidi, huwezi kujua umepanda nini. Wao wanapanda miche miwili mitatu shimo moja au karibukaribu, ikichanua wanakata midume wanaacha mmoja kwa kila majike kumi hivi. Usikate yote, majike yatabaki bila mbegu. Na ule unaobaki uwe upande upepo unakotokea.